Kisanduku cha Mtandao Nyuma ya Sufuria za Wageni

Mimi sikuenda shule. Mjukuu wangu ndiye anayeandika haya, na ndiye ninayemzungumzia, kwa hiyo nimemkataza kunipunguzia neno hata moja.

Mwanangu alipotuwekea mtandao katika nyumba yetu ya Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, fundi alileta kisanduku cheusi chenye taa zinazopepesa. Hapa kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi sebuleni. Nilikivika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, nikakiweka ndani ya kabati la vioo, nyuma ya sufuria za wageni, chupa za chai na sinia kubwa la bati. Kabati hilo halifunguliwi na mtoto.

Mjukuu wangu hucheza mchezo wa ngoma kwenye simu. Alama hushuka kwenye kioo mithili ya mvua, na mchezaji hugonga kila moja mdundo unapofika. Walikuwa wasichana wanne, kila mmoja nyumbani kwao, wakiupiga wimbo mmoja kwa pamoja, nahodha wao akiwa Kisumu. Walikuwa wakijiandaa kwa mashindano, na mjukuu wangu alikuwa na hamu ya kubaki katika kundi hilo kuliko alivyotamani jambo lolote mwaka huo.

Alasiri moja nilikuwa nikichambua mboga karibu naye wakifanya mazoezi. Sauti ya nahodha ikatoka kwenye simu.

"Wewe wa Eldoret, kwa mbio dunia yote inawaona mgongo. Sasa kwa ngoma ndio mnafika wa mwisho?"

Wengine wakacheka.

"Si mimi, ni net," mjukuu wangu akasema. "Kwangu nagonga sawa, kwenu inafika late."

"Kila siku net. Hiyo net yenu inakuja na mguu?"

Akanigeukia mimi nyanya yake. "Kogo, tafadhali, tutoe hiyo kitu kwa kabati tuiweke dirishani. Imefungiwa na machuma."

Nilikuwa nimeongoza ngoma ya kwaya ya akina mama tangu mama yake akiwa mgongoni mwangu, na sikio langu halidanganywi upesi. Nilikuwa nimeusikia ukucha wake ukigonga kioo. Ulikuwa ukianguka penye mdundo wa wimbo, haukutangulia wala kubaki nyuma. Nilisikia hivyo kwa hakika. Lakini mchezo ule sikuupenda, ng'ombe walikuwa wakingoja maji, na sikuona ni kwa nini mtoto anipangie kabati langu. Nikamjibu kwa sauti ambayo wenzake wote waliisikia:

"Asiyejua kucheza husingizia ngoma. Mkono wako ni mzito. Wanakwambia kweli."

Kisha mmoja wao akasema polepole, "Hata nyanyake amesema." Hawakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ya mashindano walishindwa, na nahodha akampa mwingine nafasi yake. Mjukuu wangu alichukua ndoo akaenda kuwanywesha ng'ombe bila kutumwa.

Jumapili iliyofuata nilipata wageni kutoka kanisani. Nikatoa sufuria zote, chupa na sinia, kabati likabaki na kisanduku peke yake ndani ya kitambaa chake. Nilikuwa nikimimina chai mjukuu wangu aliposimama mlangoni, simu mkononi.

"Kogo, umefanya nini kwa waifai? Leo haichelewi."

"Sijagusa kitu. Nimetoa vyombo tu."

Akalitazama kabati, kisha akanitazama mimi. Akarudi jikoni.

Nilibaki nimeshika chupa ya chai. Tangu utotoni nimewatazama watu wakipasua kuni ng'ambo ya bonde. Shoka hushuka, gogo hupasuka, na mlio huja baadaye, mtu akiwa tayari ameinua shoka tena. Hakuna aliyewahi kumwita mpasuaji mzembe kwa sababu mlio umechelewa njiani. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kukamua. Mtoto aliponiomba nilisadiki kwa ajili yake, nililikataa.

Wageni walipoondoka nilimwambia ampigie nahodha. Sikuwa nimewahi kumwomba radhi mtoto, na ulimi ulikuwa mzito.

"Mimi ni nyanyake," nikasema. "Mkono wake ulikuwa sawa. Niliyekifungia kisanduku nyuma ya sufuria ni mimi, na niliyesema uongo ni mimi."

"Sawa, Nyanya. Pole," nahodha akajibu, kwa adabu. "Lakini tushachukua mtu mwingine. Labda akitoka."

Hajatoka. Kisanduku sasa kiko dirishani, na mjukuu wangu hucheza na watu asiowajua, mmoja leo na mwingine kesho. Ni mtoto ambaye zamani hakumwuliza mtu kama amepatia. Siku hizi wimbo ukiisha huinua uso na kuniuliza, "Kogo, nimechelewa?"

Namwambia hapana, na ni kweli. Ananitazama kidogo, akipima kama namwambia ninachosikia au namhurumia, kisha anaurudia wimbo uleule tangu mwanzo.