Forodhani Huulizwa Mtoto

Jumamosi tulikuwa tukirudi kwetu Dabani, ng'ambo ya mpaka, kutoka soko la upande wa Kenya, mimi, wifi yangu na binti yangu wa miaka mitatu. Wifi alikuwa amelaza kitenge kipya chini ya mihogo mikavu kikapuni, mtoto akitazama, nami sikupenda aone. Maana pale forodhani Busia askari hasumbuki kupekua, huuliza mtoto.

Zamu yetu ilipofika, askari akachuchumaa mbele ya binti yangu. "Toto, chini ya mihogo iko nini?"

Nikasema moyoni, basi, kitenge kimekwenda, na sisi nacho.

Binti akamkazia macho, akacheka. "Si unajua!"

"Mimi sijui, toto."

"Unajua wewe!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Afande, toto amekuweza!" Askari akainuka, akatia kikapu alama ya chaki, tukapita.

Njiani wifi akamsifu mtoto kwa kutunza siri. Siri gani? Kitenge alikikumbuka vizuri kabisa. Hajui tu kwamba alichokiona yeye, askari hakukiona. Akili hiyo huja na miaka minne. Basi mwakani atajua kwamba askari hajui, naye, kwa adabu tuliyomfundisha, atamwambia.