Jibini Juu ya Viazi vya Maguu

Neno jibini nililifundisha darasani miaka kadhaa kabla sijaionja jibini yenyewe. Lilikuwamo kitabuni, kati ya vyakula vitokanavyo na maziwa, nami nililiandika ubaoni bila wasiwasi. Hapa Liuli sisi ni watu wa samaki. Maziwa yakipatikana ni ya chai. Kwa hiyo siku nilipokwenda Songea kwa shughuli zangu na kuiona kwenye jokofu la duka moja, nilinunua kipande kabla hata sijajua nitakifanyia nini.

Jibu nililipata kwenye video moja ya simu. Mwanamke mmoja alipanga viazi vilivyokatwa vyembamba kwenye bakuli, akavimwagia maziwa mazito, akafunika kwa jibini, akaoka. Viazi nilikuwa navyo, kaka yangu alikuwa ameniletea kutoka kwetu Maguu. Oveni sina, lakini keki huwa naoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alivuta kigoda akaketi karibu yangu. Alikiinua kile kipande, akakinusa, akakiweka, akakinusa tena.

"Mwanangu, hiki kimeharibika."

"Hapana, mama. Ndivyo kinavyonuka."

"Umewahi kukila?"

"Bado."

"Sasa umejuaje?"

Nikaendelea kukata viazi. Nilikaanga kitunguu kwa siagi, nikatia unga wa ngano kidogo, kisha maziwa, nikakoroga mpaka yakawa mazito.

"Kumbe ni uji," alisema, akasogeza kigoda.

Nilipoikwaruza jibini kwa kikwaruzo cha karoti, alichukua chembe moja akaisugua kati ya vidole. Aliniuliza maziwa yanawezaje kuwa magumu namna ile. Nikamweleza nilichokijua, kwamba yanagandishwa, yanakamuliwa maji, yanakaushwa. Aliniuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kuyasahau hadi yakafika huko. Hilo halikuwamo kitabuni.

Sufuria ilipokaa motoni, hakuweza kuvumilia. Alifunua mara ya kwanza, akafunua mara ya pili, na mara ya tatu majivu yakadondokea ndani. Aliniangalia kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikacheka, nikayaondoa kwa ncha ya kijiko, tukafunika tena.

Tulipopakua, jibini ilivutika kama ulimbo. Mama mkwe aliinua kijiko juu, juu zaidi, akasimama kabisa kuona uzi utakatikia wapi. Kisha akala, taratibu, macho ameyafumba.

"Viazi ni vizuri," alisema. "Hii ya juu ina chumvi, lakini haina uchachu. Maziwa yaliyoganda bila uchachu?"

Ilimsumbua, niliona. Juma lililofuata nilirudi kutoka shuleni nikakuta kitambaa cheupe kimening'inizwa kwenye nguzo ya jiko, kinadondosha maji kwenye beseni. Alikuwa ameagiza maziwa kwa jirani, ameyagandisha, na sasa anayachuja.

Ile ya kwake haikuvutika hata kidogo. Ilikatikakatika juu ya viazi kama ugali uliopoa, ikaungua pembeni. Lakini ilikuwa na uchachu, na safari hii alijipakulia mara mbili, akanitaka nimwambie kweli ipi ni tamu zaidi. Nilimwambia ya kwake. Bado nafikiri hivyo.