Karani wa Rafiki Mmoja

Jerusha Kavere hushona abaya katika duka moja la Ruwi, hapa Muscat, Oman, na Ijumaa huwa karani wetu. Sisi ni watu wa Kanisa la Marafiki, ambao wengine hutuita Wakwekeri, na karibu wote tumetoka magharibi mwa Kenya. Tunakutana chumbani kwake Darsait, mapazia yakiwa yamefungwa, kwa sababu chumba cha kupanga si mahali panaporuhusiwa ibada.

Hatupigi kura. Karani huandika azimio palepale, hulisoma kwa sauti, na mtu mmoja tu asiporidhika nalo, halipiti. Kila mwaka kumbukumbu za maazimio hayo hutumwa nyumbani Vihiga, kwenye hifadhi ya Marafiki.

Mwandiko wa Jerusha ni mzuri. Majina ndiyo hayamo. Wakati wa ghasia za uchaguzi baba yake, naye karani, aliwahifadhi majirani waliofukuzwa makwao. Katika kumbukumbu aliandika “Rafiki mmoja” badala ya kila jina, ili karatasi ikinaswa isimuue mtu. Jerusha alikuwa msichana akiyaona hayo, na tabia hiyo alikuja nayo Muscat.

Mwezi uliopita alikuja Velma, anayefanya kazi za nyumbani Bustan. Hatukuwa tumemwona kwa muda mrefu. Alisema familia anayoifanyia kazi imesafiri Salalah, ndiyo maana ameweza kutoka. Mwajiri alikuwa amemnyang'anya pasipoti na simu, naye alikuwa ameamua kwenda kushtaki. Alitaka mkutano uliandike hilo.

Jerusha aliandika, akasoma: Rafiki mmoja wa Bustan amenyang'anywa pasipoti, naye amekusudia kushtaki.

Douglas, dereva wa lori la maji, alicheka kidogo. “Karani, huyu Rafiki mmoja ana mikosi. Mwaka juzi alipigwa Ruwi, mwaka jana akafungiwa ndani Seeb, leo yuko Bustan. Hapumziki?”

Watu walitabasamu. Jerusha akamjibu kwamba karatasi ikifika mikono mibaya, Velma hatakuwa na pa kujificha, na chumba hiki tutakipoteza. Ni kweli, na ndiyo maana ilinikera. Mwajiri anayeficha pasipoti ya mtu hahitaji msaada mwingine zaidi ya tahadhari yetu.

Velma alikuwa ameinamisha kichwa. “Mimi siko radhi na maneno hayo,” alisema. “Dada Jerusha, nikipotea, nyumbani watamtafuta Rafiki mmoja?”

Tukanyamaza, kama ilivyo desturi yetu mtu anapokataa. Kisha Jerusha akakata mstari ule, akaandika Velma Mmbone, akaandika na nyumba ya mwajiri, akasoma upya.

“Niko radhi,” Velma alisema.

Chini ya azimio karani hutia sahihi. Siku zote Jerusha alikuwa akiweka herufi mbili tu. Siku hiyo aliandika jina lake lote, na kalamu ilitoboa karatasi.

Ijumaa iliyofuata Velma hakuja, wala ile ya baadaye. Douglas alipeleka lori mpaka lango la nyumba ile. Mlinzi alimwambia hapajawahi kuwa na mtu wa jina hilo.

Jana Jerusha aliomba ruhusa kazini, akatia nakala ya azimio mkobani, nami nikamsindikiza ubalozi wa Kenya. Dirishani waliuliza anamtafuta nani. Alilitaja jina lote, polepole. Walipouliza ni nani anayeuliza, akataja na lake.