Gari Linalovuta kwa Miguu Minne

Siku aliyofariki mama yangu, mie nilikuwa nimekwama topeni na masufuria matano matupu nyuma ya gari. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na sitalipamba. Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya shughuli: masufuria makubwa ya pilau na biriani, mikeka, masinia, viti. Nakaa Ng'ambo, hapa Unguja mjini, na gari langu ni veni kubwa, ile ambayo mtu mzima anasimama ndani akainamisha kichwa kidogo tu. Naliendesha mwenyewe, na atakayekereka akereke. Misiba ya watu wangapi nimeifikishia masufuria kabla ya maiti kutoka ndani, siwezi kukwambia. Wa mama yangu nikaukosa.

Kwetu ni kusini, huko huko Makunduchi, lakini si barabarani. Ukiiacha lami unaingia njia ya shamba, na kwa mguu inakula saa moja na nusu. Kiangazi njia ile ni mawe. Masika ni mawe na maji, na katikati kuna bonde la udongo mwekundu. Hapo ndipo gari lilipokaa. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mpaka yakatoa moshi, na ya mbele yametulia kama wageni wa heshima, hayana habari. Siku ile haikupita hata bodaboda. Nikampigia simu mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye mkubwa wetu.

"Mjomba, nimo njiani, nimekwama bondeni. Nnakuja kwa miguu. Msimkoshe mpaka nifike."

"Maiti hangojwi, mwanangu," akasema, na simu ikakatika.

Kwetu mwanamke akifa, binti yake ndiye wa mwanzo kuitwa kumkosha. Yanachemshwa maji na majani ya mkunazi, inatiwa kafuri, na mwisho nywele zinasukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Mama alikuwa na nywele nyingi mpaka uzeeni, na tangu mikono yake iliposhikwa na baridi yabisi, mie ndiye niliyekuwa nikimsuka. Nikavua viatu, nikafunga buibui kiunoni, nikatembea. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakipangusa udongo mikononi.

Mjomba alikuwa mbele na bakora yake, maana miguu ilishaanza kumvimba. Akaniangalia tope lililonifika magotini, akasema, "Tulijua hufiki."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba mvua imenyesha, na mie nikaona afadhali angenitukana. Niliingia ndani nikalia mpaka sauti ikanikauka. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa amewaongoza wakosha. Alinifunika kanga ya mama yangu begani, akaninong'oneza: "Mwosha huoshwa, mwanangu. Zamu yangu ikifika, nywele zangu usiwaachie watu. Nikoshe wewe, nisuke wewe."

Nikala yamini pale pale mbele yake. Nimezaa watoto, nimefiwa na mume, lakini sijawahi kuapa jambo kwa hasira kama siku ile.

Wiki ya pili yake nikampelekea gari fundi mmoja wa Ng'ambo. Babu yake alikuja kutoka bara, na yeye ni Mkristo, mtaratibu, haongei mpaka amekwisha kutazama. Nikamwambia nataka gari langu livute kwa magurudumu yote manne.

"Dada, si ununue jipu?"

"Jipu haliingii masufuria."

Akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Alipotoka akanieleza. Nyuma ya giaboksi itabidi tutie sanduku jingine la gia, la kugawa nguvu mbele na nyuma. Mbele tutie ekseli yenye difu yake, ndilo lile dude la duara linalozungusha magurudumu, na propela ya pili ya kulifikishia nguvu. Halafu gari zima linyanyuke juu, la sivyo hilo difu litasaga mawe ya kwetu mpaka lipasuke. "Inawezekana," akasema, "lakini hapa kisiwani sijamwona mtu aliyefanya."

"Basi utamwona."

Wenzake wa pale gereji walifanya sikukuu. Mmoja aliuliza Unguja mlima uko wapi mpaka bibi huyu atake gari la kupandia. Nikamjibu mlima hakuna, lakini tope lipo, na midomo mirefu ipo. Habari zikafika shamba kabla sijamaliza kulipia boliti, na mjomba akanipigia.

"Nasikia umeuza bangili za dhahabu za mama'ako, unazitia kwenye chuma chakavu."

"Naam, mjomba. Ndizo."

"Kazivaa umri wake wote zile."

"Na sasa ni zangu, na zitakwenda ninakokwenda mie."

Najua mjomba hajibiwi vile. Nimelelewa, nnajua adabu. Lakini kila nikimsikia sauti yake nilikuwa nasikia lile neno la "tulijua hufiki", na ulimi wangu haukuwa wangu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mie niliinama kweli. Siku ambazo sina shughuli nilikuwa nalala juu ya maboksi chini ya gari langu, namshikia fundi taa, nampa spana, grisi inanidondokea mtandioni. Tulipata jipu bovu la zamani, tukachukua ekseli yake ya mbele. Kulikuwa na tatizo moja: kwenye jipu lile difu lilikaa upande wa kushoto, na kwenye gari langu propela ilipata nafasi upande wa kulia tu. Fundi akafikiri siku mbili, kisha akaipindua ekseli nzima, juu ikawa chini, na difu likahamia kulia. Tukaona tumepata.

Siku ya kujaribu tukalipandisha gari juu ya majeki, magurudumu yote hewani. Gereji nzima ikaacha kazi. Nikapanda, nikawasha, nikatia gia. Nikasikia kicheko kwanza, halafu ndipo nikachungulia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanakwenda mbele, na ya mbele yanarudi nyuma. Kumbe ukipindua difu, nalo linapindua mwendo. Yule yule mwenye maneno alikuwa amekaa chini kabisa kwa kucheka, anasema gari la bibi nusu linakwenda shamba na nusu linarudi mjini.

Nilizima. Nilitaka kulia, nikacheka, maana kweli lilichekesha. Fundi alikuwa kasimama na kitambaa chake mkononi, uso umemshuka. Akasema, "Dada, nimekosea. Ukitaka nirudishe kama lilivyokuwa, nitarudisha, na hunilipi." Nikamwambia atafute difu la kulia, na mie nitatafuta.

Niliizunguka Unguja kama mganga anayetafuta mizizi. Mwisho nikaambiwa kuna mzee anakaa karibu na Kizimbani, mkulima wa karafuu, ana ekseli kama ile nyuma ya nyumba. Nikaenda. Ilikuwepo, nzima, difu kulia, na tairi lake moja limelala juu yake. Na ndani ya tairi kuna kuku anaatamia.

"Utaipata," akasema yule mzee, "lakini ngoja kuku aangue."

"Baba, kuku si anahamishika?"

"Ukimhamisha atayasusa. Njoo baada ya wiki mbili."

Nikarudi kwenye gari nikapiga usukani kwa kiganja mpaka kikaniwasha. Kuku anangojwa aangue. Kuku! Na mie sikungojwa nusu saa kwa mama yangu mzazi. Nililisema peke yangu kwa sauti, na mzee nadhani alinisikia, maana nilipokwenda baada ya wiki mbili alinikabidhi ekseli na jogoo mmoja juu yake, hakuniambia wa nini.

Safari hii magurudumu yote manne yalikwenda njia moja. Yule mwenye maneno akaomba apande. Nikamwambia akanunue lake. Fundi alinipa maneno mawili tu: "Bondeni usisimame, na usikanyage kwa nguvu. Liache litambae. Hasira zako ziache kwenye lami."

Masika ya mwaka uliofuata nilikwenda kwetu, nikalipita bonde lile polepole, na nikapiga honi kutoka hapo mpaka uwanjani kwa mjomba. Watu wakatoka. Mjomba akalizunguka gari na bakora yake, akatazama lilivyonyanyuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hili gari au kitanda cha samadari? Mtu atataka kibago ili apande."

Watu wakacheka. Safari iliyofuata nilikuja na kibago cha mbao, nikakiweka chini ya mlango mbele ya macho yake. Mama mdogo akakikanyaga, akapanda, akakaa kiti cha mbele kama bibi harusi, nikamzungusha mji mzima. Aliposhuka akanipiga begani. "Sasa naweza kufa hata masika," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nilimwambia aache maneno hayo.

Hakuyaacha. Masika ya mwaka jana, asubuhi, jirani yao akanipigia simu. "Mama'ako mdogo katutoka alfajiri," akasema, na nikiwa bado namuuliza, mtandao ukaondoka. Nikapiga tena na tena, haikushika. Mvua ilikuwa inamwagika tangu usiku. Nikatupa masufuria sakafuni, nikatia kafuri na sanda niliyokuwa nayo ndani, nikaondoka. Njia nzima simu ilikuwa haipatikani, kwa hivyo hapana aliyejua kama nimo njiani, na mie sikujua kama wameshaanza. Nilikuwa naona saa tu. Ikawa saa nne. Mti umeanguka barabarani, tukangoja ukatwe. Ikawa saa sita.

Bonde lilikuwa limejaa maji. Nilisimama ukingoni, na nitasema kweli, nilitaka kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikakumbuka neno la fundi. Nikavuta mkono wa lile sanduku la pili la gia, nikaliachia litambae. Katikati maji yalipita juu ya magurudumu, gari likateleza kwa ubavu. Halafu nikasikia mbele linashika, linavuta. Yale magurudumu yaliyokuwa wageni siku ile, yakawa wenyeji.

Adhuhuri ilishaswaliwa nilipofika. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani chini ya paa la makuti, na nikawatazama mikono yao kabla ya nyuso. Haikuwa na udongo. Jeneza lilikuwa limeegemezwa ukutani, tupu. Uani moto ulikuwa unawaka na sufuria la maji ya mkunazi limefunikwa.

Yule jirani akanipokea mlangoni. "Mjomba'ako kakataa asikoshwe," akasema. "Watu wamegombana naye tangu asubuhi. Wanamwambia hupati kupita, anawaambia kwa gari lile atapita. Haya ingia, maji tushayachemsha mara tatu."

Nikaingia. Nilimkosha mama yangu mdogo kwa mikono yangu, upande wa kulia kwanza, kama inavyotakiwa. Nywele zake zilikuwa nyembamba, si kama za mama, lakini zilitosha. Nikazitenga tatu, nikasuka, nikazilaza nyuma. Hapana aliyenihimiza. Nilisuka huku nalia, nikamwambia kimoyomoyo kwamba nimefika.

Nilipotoka, mjomba alikuwa peke yake kando ya mlango wa uani, kaegemea bakora. Hakunitazama usoni.

"Umemsuka mingapi?" akauliza.

"Mitatu, mjomba."

Kisha akasema, "Mama'ako walimsuka miwili. Mie nilikuwa hapa hapa mlangoni, nawahimiza. Marehemu huyu ndiye aliyeniambia, baada ya arubaini. Nimekaa nalo."

Nilisimama na ndoo mkononi. Nilijua anangoja nimwambie haidhuru, ndivyo mtu mzima anavyojibiwa kwetu, na ningelisema lingekwisha. Sikulisema. Ilidhuru. Inanidhuru na sasa ninapoandika: mama yangu, nywele zote zile, misuko miwili.

Vijana wakalibeba jeneza mabegani, wakatoka mbio mbio vile inavyotakiwa, na wazee wakaanza kukokota miguu topeni nyuma yao. Mjomba alikuwa wa mwisho. Alipiga hatua kama kumi, akasimama kupumua. Mwanamke haendi kuzika, na mie sikwenda kuzika. Niliwasha gari langu, nikalipeleka mpaka alipo, nikashuka mvuani, nikamwekea kibago.

Akakitazama. Akanipa bakora nimshikie, akapanda.