Besi ya Sista Laudomia

"Kitabu changu nakitaka, Mama Mkuu, na nakitaka kabla ya masifu ya jioni!"

"Punguza sauti."

"Si ndiyo mliyonipokea kwa ajili yake?"

Sista Laudomia alisimama mikono kiunoni, kama vile bado yuko dukani kwa babake Menico, muuza soseji. Waimbaji wa nyumba ile ya watawa walikuwa na vitabu vinne, kila sauti na chake, na cha besi, ile sauti nzito ya chini, kilikuwa chake peke yake miaka kumi na mmoja. Asubuhi hiyo Don Gaspare, padre mkaguzi, aliondoka nacho kwapani.

Kisa? Watu wa mji hukaa upande wao wa kanisa, na watawa upande wao, nyuma ya nondo na pazia. Hawaoni, wanasikia tu. Basi mtu mmoja mwenye masikio marefu na kazi chache akaenda kwa Don Gaspare kushtaki kwamba masista wameficha dume humo ndani. Mwanamke gani ananguruma namna ile?

"Dume lenyewe ni mimi!" alisema Laudomia. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia. Hakuamini neno. Kuanzia leo besi itapigwa na kinanda."

"Na mimi?"

Mama Mkuu Ortensia akatazama dirishani. Hapo ndipo palipouma. Kwetu baba ndiye humtolea binti mahari ya kuingia nayo utawani, na Menico aliruhusiwa kulipa nusu kwa sababu ya sauti ile. Ikinyamaza, nusu ya pili inadaiwa, skudi hamsini za fedha.

"Asipolipa, utavua shela jeusi la masista wa kwaya ukaungane na masista wa jikoni."

"Mzee wangu hata akijiuza pamoja na nguruwe wake, hamsini hazifiki!"

"Basi jikoni, mwanangu. Majira haya ya baridi huko kuna joto."

Laudomia akatoka bila kuinama.

Jioni hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Agata, kanisa limejaa, Don Gaspare kakaa mbele kabisa. Sauti tatu zilipoanza wimbo wa Bikira Maria, kinanda kilishika besi, kikikohoa kama mbuzi mwenye mafua. Laudomia alivumilia mistari miwili. Ulipofika wa tatu, akafungua kinywa.

Kitabu cha nini? Besi yote alikuwa nayo kichwani, hadi pale pa kuvuta pumzi. Sista Prassede, mpiga kinanda wa miaka sabini, aliposikia sauti ile inaingia, akainua mikono na kuikunja mapajani. "Nimechoka," akanong'ona, macho yakimcheka.

Upande wa pili manung'uniko yakaanza. "Mnalisikia? Dume hilo!"

Laudomia akashika pazia, akalivuta lote, noti moja isimponyoke. Wakamwona: uso mnene, shela jeusi, kidevu kisicho na unywele hata mmoja.

"Mama wee!" akapiga kelele muuza samaki mmoja. "Si binti wa Menico huyu?"

Kanisa likaangua kicheko.

"Funga pazia!" alifoka Don Gaspare, mwekundu hadi masikioni.

Alilifunga, baada ya Amina.

Kujionyesha kwa watu wa nje si mchezo kwa mtawa. Alihukumiwa kula sakafuni siku tisa, mbele ya wenzake wote. Akaketi, bakuli la maharage magotini, akala akashiba.

Siku ya tatu Mama Mkuu akasimama juu yake. "Don Gaspare ameandika. Anataka uondolewe kwayani."

"Na wewe, Mama, umemjibu nini?"

"Kwamba mji mzima umeshaona hakuna mwanamume humu. Kama yeye bado anamtafuta, tumsaidie vipi?"

Huko mezani kuna aliyepaliwa na supu.

"Usicheke, adhabu iko palepale," Mama Mkuu akamwambia Laudomia. "Lakini sauti iliyoimba mbele ya mkaguzi siwezi kusema imenyamaza. Babako hadaiwi."

Akamwangushia karatasi ya deni la skudi hamsini, imepigwa mstari toka kona hadi kona. Laudomia akaisoma mara mbili, akaisukumiza ndani ya mkono wa kanzu, akaomba chumvi.