Orlene na Mhunzi Asiyekuwepo

Orlene Stubbs angeweza kukuuzia upanga hata kama ulikuja kutafuta choo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, maana kibanda changu cha mapaja ya bata mzinga kilipakana na chake, na kila vuli nilisimama pale nikigeuza nyama huku nikimsikiliza. Mtu anapita na haraka zake, mkono tumboni, anauliza njia. Orlene anamwelekeza vizuri tu, kisha anamwambia, "Lakini ewe muungwana, bega lako hilo! Bega kama hilo halikuumbwa kubeba mkoba wa nepi." Imetosha. Yule bwana akitoka chooni anarudi kwake moja kwa moja, na mkewe anabaki kashika kiuno.

Hapo ni Bonde la Harrow, Missouri, kwenye tamasha letu la kale. Mwisho wa kila juma, vuli nzima, tunavaa nguo za Waingereza waliokufa zamani, tunasema "ewe" na "naam, bwana wangu", mfalme anapita na tarumbeta zake, mashujaa wanaangushana kwa mikuki juu ya farasi, na watu wa mjini wanalipa kiingilio waje kutushangaa.

Orlene hakuletwa na mapenzi ya mambo ya kale. Alikuwa akiuza majeneza huko Sedalia. Mumewe, Dale, ndiye aliyekuwa na kibanda cha panga hapa, na simu za Dale zilipoanza kuwa fupifupi, Orlene akapanda gari aje ajionee mwenyewe. Akakikuta kibanda, akazikuta panga ukutani, Dale hakumkuta. Alikuwa keshatimkia Arizona na mwanamke mmoja mpiga filimbi. Orlene akakaa juu ya kasha, akalia. Hajamaliza, akatokea mteja akiuliza bei ya upanga mrefu kuliko zote. Kwa hasira akamtajia bei ya kumfukuza. Yule mtu akatoa pochi.

"Nilinyamaza kulia palepale," aliniambia baadaye. "Kwenye majeneza watu walikuwa wananililia niwapunguzie. Huku nawaibia wananishukuru!"

Hakurudi tena Sedalia.

Zile panga zilikuja katika maboksi, kutoka kiwanda cha ng'ambo ambacho, kwa jinsi picha za kwenye boksi zilivyoonyesha, kilitengeneza pia mikasi ya kupunguzia maua. Orlene alinunua mmoja kwa dola sitini, akauuza kwa mia sita. Nafasi iliyobaki hapo katikati aliijaza kwa maneno.

Sasa, Jumamosi moja akaja bwana mwembamba mwenye miwani, kavaa kofia ya unyoya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Aliitwa Norbert Feeney, daktari wa meno kutoka St. Louis, mtu mpole ambaye kazini kwake hakuna aliyewahi kufurahi kumwona. Alisimama mbele ya panga muda mrefu, mikono nyuma.

"Huu kafua nani?" akauliza.

Orlene akauteremsha ule upanga taratibu, kama anampakata mtoto aliyelala. "Mzee Ambrose," akasema, sauti kaishusha. "Anaishi peke yake huko milimani. Ni kiziwi, masikio yake yameuawa na nyundo. Kwa mwaka anafua panga chache tu, na kila mmoja ukiuzwa, analia."

"Analia?"

"Kama mama wa bibi harusi. Na miguu yake, maskini! Haipati joto hata kiangazi. Ni kusimama kwenye mawe miaka yote hiyo."

Mimi nikageukia moto wangu nisije nikacheka, maana habari ya miguu ilikuwa mpya hata kwangu. Feeney akalipa bila kuomba apunguziwe, akaondoka kaukumbatia upanga wake kifuani.

Jioni mzinga wa kufunga tamasha ulipigwa, wageni wakatolewa nje, na sisi tukapita kwenye uwazi wa ule uzio wa mbao kwenda nyuma, kambini kwetu. Huko mgeni haruhusiwi. Ukivuka tu zile mbao, "ewe" inabaki upande wa pili. Mfalme, ambaye siku za kazi ni fundi friji kwa jina la Lowell, anavua joho lake la mahameli na kubaki na kaptura ya maua na kandambili. Malkia Bernadine anafunga taji kwenye mfuko wa plastiki na kuanza kukoroga maharage yenye pilipili kali. Wale mashujaa wawili ambao mchana wameapa mbele ya umati kumwagana damu wanalala nyumba moja ya magurudumu, na ugomvi wao wa kweli ni zamu ya nani kufua soksi; beseni la soksi linaweza kukaa nje na maji yake siku mbili. Malaika wa msituni wanavuta sigara mabawa yakiwa yametundikwa kwenye kamba. Kuhusu nani analala hema la nani, mimi nauza nyama tu.

Na yupo Merle, mnyongaji. Mchana anavaa gunia jeusi lenye matundu mawili, kifua wazi, shoka begani, na watoto wanapiga kelele wakimwona. Bila gunia ni mtu anayefuga sungura na kuwapa majina. Hakuna mwoga pale Harrow aliyemzidi.

Jumamosi iliyofuata, Feeney akarudi. Upanga hakuuleta. Alileta furushi limefungwa kwa utepe.

"Ni soksi," akasema. "Za sufu nzito. Ulisema miguu ya Mzee Ambrose haipati joto."

Nilimwona Orlene akitafuta neno asilipate, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuwe majirani. Watu walikuwa wamejaa kibandani, wote masikio wazi, na mmoja alikuwa na mkono mfukoni tayari kulipa.

"Nitamfikishia," akasema hatimaye.

"Ningependa kumpa mwenyewe kwa mkono wangu. Milimani ni mbali?"

"Mbali sana! Njia mbaya! Nyoka!" Kisha ulimi wake, uliokuwa umezoea kutangulia bila mwenyewe, ukaongeza, "Lakini una bahati, bwana. Kesho jioni anashuka kuja kututembelea."

Feeney akashukuru, akaenda zake. Orlene akanigeukia, uso umempauka. "Nimesema nini mimi?"

"Umesema kesho," nikamjibu.

Jioni hiyo kambini kilikaa kikao kuzunguka sufuria ya Bernadine. Wengi walicheka mpaka wakajishika mbavu. Orlene hakucheka. "Kamletea soksi," alirudia. "Mtu akija na ugomvi namweza. Sasa huyu kaja na soksi."

"Mwambie ukweli," akasema Bernadine.

"Akawaambie watu wote, nife njaa?"

"Basi tumpe mhunzi," akasema Lowell, akichezesha kandambili. "Tanuri la kutengenezea viatu vya farasi lipo, mwenyewe kaenda mjini. Anatakiwa mzee ambaye huyo daktari hajawahi kumwona uso."

Sote tukamgeukia Merle kwa pamoja. Kwa umri wake wote wa tamasha, hakuna mgeni aliyewahi kuuona uso wake.

"Hapana jamani," akasema Merle, kijiko hewani. "Moto naogopa."

"Kipi usichoogopa wewe? Ndiyo maana tulikuvalisha gunia."

"Na jino linaniuma, angalieni shavu."

"Vizuri zaidi. Utaonekana umeteseka."

Jumapili, mzinga ulipolia, Orlene akamwingiza Feeney kupitia uwazi wa uzio. Wengine tulijifanya tuna shughuli. Mimi nilikuwa karibu na tanuri nikipangusa sinia ambalo lilikuwa safi. Nikaona kitu ambacho sikukielewa wakati ule: Feeney hakuwa akimtafuta mhunzi. Alikuwa akiangalia kaptura ya mfalme, mabawa kwenye kamba, sufuria inayotoa mvuke, mashujaa wakirushiana maneno juu ya beseni. Aliangalia kama mtoto aliyepandishwa mabegani.

Merle alikuwa kwenye tanuri, kavaa aproni ya ngozi na ndevu za katani za mchawi wetu wa jukwaani, ndefu mpaka kitovuni. Alikuwa ametupa mgongo, akigonga kipande cha chuma kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe.

"Msemeshe kwa sauti kubwa," Orlene akamwambia Feeney. "Hasikii hata radi."

Feeney akasogea. Kwa sauti ya chini kabisa, ya kliniki, akasema, "Chuma chako kimepoa, mzee."

"Najua," akajibu Merle.

Huko nyuma Bernadine aliacha kukoroga.

"Anasoma midomo!" Orlene akadakia.

"Alikuwa amenipa mgongo," akasema Feeney kwa upole.

Merle, kwa kuona ameharibu, akaamua kuonyesha bidii. Akainama kuchochea makaa, ndevu zikatangulia. Katani haihitaji kuombwa. Mwali ulipanda mara moja, na Merle akapiga ukelele ambao sungura wake wote waliusikia. Sisi tulioishi naye miaka tulisimama kama nguzo. Aliyekimbia ni Feeney. Alichukua kitu cha kwanza chenye maji kilichokuwa karibu, lile beseni la mashujaa, akalimwaga lote.

Moshi ulipopungua, alisimama pale mnyongaji wetu, ndevu zimeanguka, maji machafu yanamchuruzika, soksi moja kichwani na nyingine begani. Feeney akamwendea, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Fungua mdomo."

Merle akafungua.

"Hilo la nyuma. Limeanza lini?"

"Tangu Agosti," akasema Merle, akaangua kilio.

Hapo Orlene akashindwa kuvumilia. "Huyu siye Ambrose," akasema. "Hakuna Ambrose. Sijawahi kumjua mtu anaitwa Ambrose. Nitakurudishia pesa zako, bwana, zote, na samahani kwa soksi."

Feeney akachomoa kitu kwenye pochi yake, akampa. Kilikuwa ni karatasi ndogo ya gundi, ya kiwandani, yenye picha ya mkasi wa maua.

"Ilikuwa chini ya ngozi ya mpini," akasema. "Niliibandua usiku wa siku ileile niliyoununua."

Orlene akaitazama ile karatasi. Kisha akamtazama yeye, na rangi ikaanza kumpanda kuanzia shingoni. "Ulijua? Ulijua, ukaniletea soksi?"

"Nilitaka kuona utafika wapi."

"Sijalala mimi! Nimekaa macho nafikiria miguu ya mzee ambaye hayupo!"

"Na mimi nimezunguka maduka mawili kutafuta saizi yake."

Lowell ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bernadine, kisha sote, na Merle akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Orlene alisimama kashika kiuno, amekasirika kweli. Alipozwa na maneno ya Feeney, aliyoyasema bila kumwangalia mtu.

"Nakuja hapa kila mwaka tangu mke wangu afariki," akasema. "Kila jioni mnatutoa. Nikiwa kule shambani kwenye maegesho natafuta gari langu, nawasikia mnacheka nyuma ya mbao. Nilitaka kujua mnacheka nini."

Bernadine alipakua bakuli la maharage, akamwekea mkononi, akamsogezea kiti cha mfalme. Lowell akakaa chini. Wale mashujaa walipogundua soksi zao zimesafirishwa mpaka kwenye makaa, walidai fidia, na Feeney akafungua lile furushi akawagawia za sufu. Jino aliling'oa Jumatatu, kliniki kwake, na Orlene ndiye aliyempeleka Merle, kamshika mkono njia nzima.

Msimu uliofuata tukawa na mng'oa meno wa kale. Feeney alijitwalia jukwaa dogo, koleo kubwa la mbao na aproni iliyopakwa rangi nyekundu, na akawa anawang'oa watu meno ya uongo ya nta huku umati ukishangilia. Wagonjwa wake wa St. Louis walikuja na watoto wao, wakapiga makofi bila kumtambua. Kibanda chake alikijenga upande wa pili wa Orlene. Walibishana kuanzia asubuhi hadi mzinga: juu ya kivuli, juu ya kelele, juu ya nani anamzibia nani wateja. Chakula cha jioni walikula bakuli moja.

Msidhani Orlene aliokoka. Alichofanya ni kumuua Mzee Ambrose. Aliona ni hatari kumwacha hai, watu wenye roho nzuri wasije wakamletea blanketi. Akatundika kitambaa cheusi juu ya panga, akaeleza jinsi mzee alivyokutwa amelala kando ya tanuri, nyundo mkononi. Hizi hapa ndizo za mwisho. Na kwa kuwa ni za mwisho, bei ikapanda.

Mwanamke mmoja kutoka Kansas alisita. Aliugeuzageuza upanga, akasema kwamba hadithi kama hizo amezisikia sehemu nyingi, na nani awezaye kuthibitisha kuwa huyo mzee alikuwepo?

Feeney akainua kichwa upande wake wa pili, koleo mkononi.

"Nilikutana naye mimi mwenyewe, ewe bibie," akasema, akivua kofia. "Mtu mnyenyekevu sana. Mkono wangu huu ulimshika kidevu."

Yule mama akanunua mbili. Orlene akazifunga kwa karatasi, polepole, macho chini, na alipomaliza akatoa leso akajipangusa pembe ya jicho.