Muziki wa Wabwire Mwenyewe

Ukiuliza kule Kawangware kinyozi mwenye muziki ni yupi, mtu atakuonyesha kwa kidevu tu, hata mkono hatatoa mfukoni. Ni Wabwire. Mtu wa Busia, mnene kiasi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na ndani ya kibanda chake cha mabati kuna wufa, spika ya muziki, kubwa kushinda kiti cha kunyolea. Asubuhi ni rumba, mchana ni benga, jioni ni zile ngoma za vijana ambazo yeye mwenyewe hana habari nazo. Watu walikuwa wanapita vinyozi wengine njiani, tena wazuri, ili waje wanyolewe penye kelele.

Sasa jambo ambalo watu hao hawakulijua ni hili: Wabwire alikuwa hasikii. Si kwamba alizaliwa hivyo. Masikio yalimwacha polepole, kama rangi inavyoacha shati linalofuliwa kila siku. Zilianza kupotea sauti za ndege, ikafuata simu, akafuata binti yake Nasambu, mwishowe hata wanaume wenzake wakawa wanachezesha midomo tu. Ukimpigia kelele karibu na sikio la kulia, alipata kitu. Ukiongea kama binadamu wa kawaida, alipata mvumo.

Na muziki ndio uliomsitiri. Kwa kinyozi ambapo wufa imefunguliwa mpaka mwisho, nani anamsikia mwenzake? Kila mtu anapayuka, kila mtu anaonyesha kwa kidole mtindo anaotaka kwenye lile bango la picha za vichwa, na kila mtu anauliza "ati?" bila aibu. Wabwire naye akiuliza "ati?" hakuna anayemshangaa. Lakini kelele zikizimwa, jamani, si ameisha? Nani atampa shingo yake mtu mwenye wembe asiyeweza kusikia "wee, unanikata"? Ugali wake wote ulikuwa hapo, na alijua.

Aliyejua mwingine ni mmoja tu, mkewe Trizah. Walikuwa wanaishi Kambi Muru, Kibera, na Trizah alikuwa anauza samaki wa kukaanga upande wa Makina. Mama mpole kabisa. Lakini ndani ya nyumba ilimbidi apige kelele hata akiomba chumvi, na mabati hayana siri, kwa hiyo majirani walikuwa wanamhurumia Wabwire. Walisema maskini, mwenzetu ameoa askari.

"Baba Nasambu, twende hospitali wakuangalie hayo masikio!"

"Nasikia poa. Ni ile wufa inaniachia kelele kichwani."

"Basi izime!"

"Nikizima, wateja wataenda."

Wakawa wanazunguka hapohapo kila wiki, mpaka siku ile Mulwa alipoingia.

Mulwa alikuwa kijana wa ofisi moja inayokusanya pesa za wanamuziki. Kijana mzuri tu, ana adabu, ana kitambulisho shingoni na begi la karatasi. Alisimama mlangoni akasema jambo. Wabwire akamwonyesha bango la mitindo achague. Mulwa akatikisa kichwa, akasogea karibu, akapayuka.

"Mzee, uko na laiseni ya muziki?"

Wabwire akafurahi, maana laiseni anayo. Akaitoa ukutani na fremu yake. "Hii hapa. Nililipa kanjo, kule kaunti."

"Hii ni ya kunyoa."

"Ndiyo, nanyoa."

"Nauliza ya muziki!"

"Ati?"

"YA MUZIKI!"

"Muziki siuzi, kijana wangu."

Mulwa akavuta pumzi. Akaeleza kwamba wimbo una wenyewe, waliotunga na walioimba, na mwenye biashara akiwachezea wateja wimbo huo, biashara inapaswa kulipia. Wabwire akasema flashi yenye nyimbo alinunua kwa pesa yake. Mulwa akasema alinunua flashi, hakununua haki ya kuwachezea watu. Wabwire akauliza, na akifungulia redio je, si redio ilishalipa? Mulwa akasema redio ililipa ya redio. Hapo Wabwire akachoka kabisa. Wimbo ni mmoja, mwimbaji ni mmoja, sasa unalipiwa na watu wangapi? Midomo ya Mulwa ikacheza kwa muda mrefu, mikono ikapanda na kushuka, na Wabwire akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Sawa," akasema. "Sawa sawa." Mulwa akamwachia karatasi, akamwambia atarudi wiki inayofuata, na asipopata laiseni basi muziki uzimwe.

Shida ya Wabwire ilikuwa kwamba hakujua ni kipi hakukielewa kwa sababu ya masikio, na ni kipi hakieleweki hata kwa mwenye masikio mazima. Mtu wa kawaida akichanganyikiwa anajua amechanganyikiwa na nini. Yeye hata hilo hakuwa nalo. Akaenda kuuliza majirani, wufa akiwa ameiacha inanguruma ili kila mtu amjibu kwa kupayuka. Fundi wa simu akamwambia hao ni matapeli watupu. Mama wa saluni akamwambia si matapeli, yeye amelipa, stika ameibandika pale kando ya kioo, ila akiulizwa ni ya nini hawezi kusema. Muuza miwa naye akataka kujua, je, mteja akiimba mwenyewe huku ananyolewa, anayelipa ni mteja au ni kinyozi? Wote wakamwangalia Wabwire awajibu. Wabwire akasema sawa, akaenda zake.

Kwenye ile karatasi kulikuwa na nambari. Mwenye swali apige simu. Simu! Haki ya Mungu, watu wengine wanajua kukupatia dawa ambayo huwezi kumeza. Angempa Trizah apige, lakini mwanamume ana kiburi chake. Akajifungia kwenye kinyozi kabla hakujakucha vizuri, akapiga, akabandika simu kwenye sikio la kulia. Ikavuma. Ikanyamaza. Ikavuma tena kwa namna nyingine, na akaona huenda huyo ni mtu. "Ndiyo," akasema. "Ya kinyozi. Ndiyo. Sawa. Asante." Akakata, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe akijitazama kwenye kioo, na hasira zikamjaa kifuani asijue azimwage wapi.

Siku hiyo akaamua kumsikiliza mkewe. Akazima wufa. Akafungua mlango, akangoja, na mteja wa kwanza akaingia, bwana mmoja mwenye ndevu nzuri zilizolala. Akaketi, akasema jambo kwa sauti ya mtu aliye mahali patulivu, wala hakuonyesha kidole popote. Wabwire akasema sawa. Yule bwana akafunga macho. Alipoyafungua alikuwa na kidevu cha mtoto wa nasari. Alikuwa amesema apunguziwe tu, zipangwe vizuri, jioni anaenda ruracio, kupeleka mahari ya ndugu yake. Hayo Wabwire aliyajua baadaye, baada ya yule bwana kusimama, kupiga kioo kofi, na kuyasema yote tena kwa kelele zilizofika barabarani. Hakulipa, na nani angemdai? Akitoka tu, Wabwire akawasha wufa akaipandisha mpaka mabati yakatetemeka.

Basi akamwendea Gathogo. Gathogo ndiye mwenye ile ploti, mzee mwenyeji wa Kawangware, anajua kila kitu duniani isipokuwa namna ya kutengeneza choo cha wapangaji wake. Alisoma karatasi akiwa ameishikilia mbali na macho, akaikunja, akacheka.

"Wabwire, wewe unasumbuliwa na kitu kidogo!" Gathogo huwa anapiga kelele hata kanisani, na hiyo ndiyo sababu Wabwire alimpenda. "Hapa imesema nini? Wateja! Muziki wa wateja! Sasa wewe sema muziki ni wako. Ni redio yako, unasikiza wewe ukifanya kazi yako. Hao wengine wanasikia kwa bahati tu. Mtu atalipia aje kusikiza redio yake?"

Wabwire akamwangalia. "Ni wangu?"

"Ni wako! Na siku atakayokuja, nitakuwa hapo nione atasema nini."

Ushauri huo ulimwingia kama chai ya moto. Kwa mara ya kwanza tangu Mulwa aje alishika neno lenye mbele na nyuma. Usiku akamwambia Trizah. Trizah akamtazama, mdomo wazi, samaki mkononi.

"Baba Nasambu. Useme unausikiza wewe?"

"Eeh."

"Wewe?"

Wabwire akavuta sahani yake ya ugali.

Siku ilipofika, Gathogo alikuwa kwenye kiti kweli, kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado una mvi zake. Kwenye benchi walikuwa vijana wa mjengo, bado wana vumbi la simenti, wakingoja zamu. Wufa ilikuwa juu ya rafu nyuma, inanguruma, na zile taa zake za rangi zikiruka zinaonekana kwenye kioo. Mulwa akaingia na begi lake.

"Mzee, niaje! Ulishughulikia ile mambo?"

Wabwire hakungoja aulizwe mara mbili. Maneno alikuwa ameyakariri njia nzima, kutoka steji ya Olympic kule Kibera mpaka Kawangware. Akasema kwa sauti kubwa, bila kugeuka, mashine ya kunyolea ikiwa kichwani kwa Gathogo: "Huu muziki si wa wateja! Ni wangu! Mimi ndiye nausikiza nikifanya kazi yangu. Hawa wanasikia kwa sababu wana masikio!"

Vijana wakacheka. Gathogo akapiga kofi mkono wa kiti chini ya kitambaa. Hata Mulwa akatabasamu. Halafu, kwa sababu alikuwa kijana mwenye adabu na hapendi kubishana na mzee kwa kupayuka, Mulwa akanyoosha mkono kwenye rafu akazungusha kile kifundo cha sauti mpaka mwisho, chini kabisa. Muziki ukafa. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu waongee kama watu.

"Mzee wangu, wacha nikueleze polepole," akasema.

Wabwire hakuona mkono wake. Alikuwa ameinamia kichwa cha Gathogo, na alipoinua macho, kwenye kioo taa za wufa zilikuwa bado zinaruka, nyekundu, buluu, nyekundu, maana taa za hizi wufa hazijui habari za sauti, zinafuata flashi tu. Akazitazama, mabega yakaanza kucheza. Orodha ya nyimbo za asubuhi aliijua kwa moyo. Akapayuka ndani ya kile kibanda kilichonyamaza kama chumba cha mtihani:

"SIKIA HAPO! SIKIA HAPO GITA INAINGIA! Kama si muziki wangu, ningejuaje? Eh? HAPO! HAPO SASA!"

Hakuna aliyecheka. Mama aliyekuwa anapita nje na ndoo akasimama kuchungulia. Wabwire akaendelea kuchezesha mabega kidogo, kisha akaona kwenye kioo kwamba vijana wa benchi hawamwangalii machoni, wanaangalia ile mashine mkononi mwake. Mkono wa Gathogo ulikuwa umetoka chini ya kitambaa na umeshika kiti kwa nguvu. Mdomo wa Mulwa ulikuwa wazi.

Hakuelewa. Akamwangalia huyu, akamwangalia yule. Amesema vibaya? Maneno si ndiyo yaleyale? Taa si zinaruka? Akazima mashine, akageuka, akaweka kiganja juu ya wufa, pale ambapo huwa panatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa pametulia kama ukuta.

"Imezimwa?" akauliza. "Imezimwa saa ngapi?"

Mulwa akainamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwambia kwamba ile kesi imekwisha, kwamba muziki ni wa wateja na haujawahi kuwa wake. Kijana akatoa karatasi nyingine kwenye begi, akaiweka polepole kwenye rafu, akamgusa Wabwire begani, akatoka. Vijana wa mjengo nao wakasimama, mmoja akijifanya amepigiwa simu, wakamfuata.

Akabaki Gathogo. Alikuwa bado kwenye kiti, nusu ya kichwa inang'aa, nusu ina mvi, na kwa mara ya kwanza tangu Wabwire amjue alikuwa hapigi kelele. Aliinua kidole taratibu, akaonyesha ule upande uliobaki.

Wabwire akaichukua mashine. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, hayohayo yasiyo na faida. Hakujua huyu mzee amebaki kwa kumwamini, au amebaki kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupita Kawangware na nusu kichwa. Siku nyingine angesema sawa, akanyoa, yakaisha. Akazunguka, akasimama mbele ya kiti, mahali anapoweza kuuona mdomo wa Gathogo vizuri.

"Landlodi," akasema, "mimi sisikii. Ni miaka sasa. Unataka nikunyoe, ama unaogopa tu kutoka hivyo?"